Choo Kigumu kwa Mtoto Mdogo: Anza kwa Kupunguza

Mtoto wa miaka miwili anaacha kucheza ghafla. Anakwenda nyuma ya kochi, anasimama kwa ncha za vidole, anabana miguu, anakunja uso mpaka jasho linamtoka. Anayemtazama atasema anasukuma choo. Mara nyingi ni kinyume chake: anakizuia. Juzi kilimuuma, na hana sababu ya kuamini kwamba leo hakitamuuma.

Choo kinachozuiwa hakikai vilevile. Utumbo mpana unaendelea kukinyonya maji, kwa hiyo kadiri kinavyochelewa ndivyo kinavyokauka na kuongezeka ukubwa. Kikija kutoka kinauma zaidi, pengine kinachana njia kidogo na kuacha alama ya damu, na safari ijayo mtoto atazuia kwa nguvu zaidi. Chakula kina kazi moja katika mzunguko huu: kulainisha choo kila siku, kwa wiki nyingi za kutosha mpaka mtoto asahau kwamba kiliwahi kumuuma. Papai la leo halitamaliza tatizo lililojengeka kwa mwezi mzima.

Kwanza tuhakikishe kwamba tatizo lipo. Makala hii inamhusu mtoto wa mwaka 1 hadi 4. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama peke yake ana mambo yake. Akishapita wiki sita za mwanzo anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa, mradi kikija kiwe laini. Hata kwa mtoto mkubwa, kuhesabu siku peke yake kunapotosha. Anayekwenda kila baada ya siku mbili, choo laini, bila kilio, hajafunga choo. Mwenzake anakwenda kila siku lakini anatoa vipande vikavu kama mavi ya mbuzi huku amemng'ang'ania mama shingoni: huyo amefunga. Madaktari huanza kuliita tatizo hili ugonjwa pale hali inapodumu mwezi mmoja, mtoto akiwa na angalau dalili mbili kati ya hizi: anapata choo mara mbili au chini ya hapo kwa wiki, anazuia, analia kwa maumivu, au anatoa mzigo mkubwa usiolingana na umri wake.

Kuna hali moja inayowadanganya wengi. Chupi inachafuka kwa majimaji mara kadhaa kwa siku na nyumba nzima inasema mtoto anahara. Kumbe choo kigumu kimeziba njia, na kilicho laini kinapita pembeni yake. Mtoto wa namna hiyo akipewa dawa ya kuzuia kuhara anaongezewa tatizo. Kama kabla ya kuhara huko alikuwa na historia ya choo kigumu, mpeleke apapaswe tumbo.

Sasa jikoni. Wazazi wengi huuliza waongeze nini. Mimi ningeanza kwa kuuliza mtoto anakunywa maziwa kiasi gani, na jibu la haraka halitoshi, kwa sababu mara nyingi hakuna mtu mmoja anayelijua. Mama anampa chupa alfajiri kabla ya kwenda kazini. Dada anampa kikombe saa nne, kwa sababu uji kaukataa. Bibi anampa kingine jioni, kwa sababu mchana hakula. Usiku anapewa chupa ya kulalia. Kila mmoja ametoa robo lita kwa nia njema, na mtoto amemaliza lita nzima. Maziwa hayana nyuzinyuzi hata chembe, tena yanashibisha. Aliyeshiba maziwa ataonja wali vijiko viwili na kugeuza kichwa, halafu tutamwita msumbufu wa kula.

Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, yaani vikombe viwili vya robo lita, ukihesabu na yale ya kwenye uji. Kuzidisha kuna hasara nyingine: kunachangia upungufu wa damu, maana maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana na yanachukua nafasi ya vyakula vyenye madini hayo. Punguza hatua kwa hatua. Anza na chupa ya usiku, kisha hamisha maziwa kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kikombe, na yaje baada ya chakula. Maziwa ya mama hayamo katika hesabu hii. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na kama kadi ya kliniki inaonyesha uzito pungufu, zungumza na mtaalamu wa lishe kabla hujapunguza chochote. Wanaotumia maziwa ya kopo wasome vipimo: kijiko cha ziada cha unga katika maji yaleyale, ili “ashibe vizuri”, ni njia ya uhakika ya kukausha choo.

Baada ya maziwa punguza biskuti, mkate mweupe, maandazi na chipsi, ambavyo vinajaza tumbo bila kuacha cha maana utumboni. Chai ya rangi mtoto mdogo haihitaji hata kidogo. Inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Juisi za pakiti na soda ni sukari. Hata juisi halisi isizidi mililita 120 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, na aliye chini ya mwaka asipewe.

Nafasi ikishapatikana tumboni, nyuzinyuzi zinapata pa kuingia. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya. Inafika utumbo mpana ikiwa imeshika maji, na choo kinakuwa kingi na laini. Uingereza inapendekeza takriban gramu 15 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5. Marekani inataja gramu 19 kwa wa mwaka 1 hadi 3. Kwa vyakula vya sokoni kwetu hilo si jambo gumu. Gramu 100 za parachichi zina karibu gramu 7. Maharage yaliyopikwa, kiasi hichohicho, zaidi ya 6. Kiazi kitamu kilichochemshwa ni kama 3, ndizi mbivu na chungwa zinakaribia 2.5, papai na embe hazifiki 2. Wali mweupe hauna hata nusu gramu.

Tatizo ni kwamba nyuzinyuzi hizo tunaziondoa kwa mikono yetu wenyewe. Tunamchujia mtoto uji. Tunamenya maharage ganda mojamoja, au tunayapitisha kwenye chujio ili yawe mororo. Tunakamua chungwa na kutupa kambakamba zake. Kwa mtoto wa miezi saba mwenye meno mawili nia inaeleweka, lakini wa miaka miwili hahitaji hivyo. Kuponda kwa mwiko au kusaga kwa blenda hakuondoi kitu, kila kilichoingia kinabaki. Kuchuja ndiko kunakoondoa. Ukiogopa gesi, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya hadi yavunjike yenyewe kwa kidole, kisha yaponde na maganda yake.

Unga nao ni hivyohivyo. Sembe imekobolewa na pumba imekwenda kwa kuku. Dona imebaki nayo. Ila dona inataka mahindi makavu, safi, yasiyo na ukungu, kwa sababu mahindi yakibadilika hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nunua mahindi uyaone kabla ya kusaga. Ulezi na mtama pia vinafaa kwa uji. Pumba usimwongezee mtoto kwenye chakula kama dawa. Inamshibisha bure na kuzuia baadhi ya madini yasifyonzwe mwilini.

Siku moja yaweza kwenda hivi. Asubuhi uji wa dona au ulezi, usiochujwa, na bakuli dogo la papai. Saa nne ndizi moja ndogo iliyoiva hadi ikawa na madoadoa meusi. Yenye kijanikijani wanga wake bado ni mgumu kumeng'enywa, iache iive. Mchana wali kidogo, vijiko vinne vikubwa vya maharage yaliyopondwa, na matembele au mchicha uliokatwa vizuri. Jioni robo ya parachichi kubwa. Usiku kiazi kitamu na bamia au mlenda, ambavyo watoto wengi huvimeza bila mabishano. Hapo umeshafika gramu 15 au ukazipita, bila kununua kitu cha ajabu. Nazi, karanga iliyosagwa na mafuta kidogo ya kupikia visiogopwe, mtoto anavihitaji. Karanga nzima hapana, anaweza kupaliwa.

Msimu ukiruhusu, plamsi na peasi za Lushoto zina sifa ya ziada: zina sobitoli, sukari ya asili inayovuta maji utumboni. Tufaha pia linayo. Mapera yana nyuzinyuzi nyingi, lakini mpe nyama yake bila mbegu. Ukwaju unajulikana kwa kulainisha, ila ule wa kuuzwa umejaa sukari.

Ongeza taratibu, chakula kimoja kipya kila baada ya siku mbili tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi na wewe utakata tamaa. Maji yaende sambamba, katika kikombe kidogo, wakati wa kila mlo na kila akirudi kucheza. Joto la Dar es Salaam au Mombasa linataka zaidi ya baridi ya Njombe. Mkojo ukiwa wa rangi hafifu, yanatosha. Usimlazimishe kunywa kupita kiasi. Mwongozo wa mwaka 2014 wa vyama vya madaktari wa tumbo la watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini unasema wazi: mtoto aliyefunga choo anahitaji nyuzinyuzi za kawaida na maji ya kawaida, kuzidisha juu ya hapo hakujathibitika kumsaidia. Lengo ni kumfikisha kwenye kawaida, ambayo watoto wengi wa biskuti na maziwa hawajaifikia.

Chakula kikishafanya kazi yake, mtoto anahitaji mahali pa kukaa. Tumbo likipokea mlo, utumbo mpana huamka na kuanza kusukuma, kwa hiyo dakika chache baada ya kifungua kinywa au chakula cha usiku ndio wakati mzuri. Mkalishe kwenye poti dakika tano, miguu ikiwa imekanyaga sakafu au kigoda na magoti yakiwa juu kidogo. Tundu la choo cha shimo linamtisha mtoto mdogo, na ana haki ya kuogopa; usimsimamishe pale kwa nguvu. Kama ndiyo kwanza unamfundisha kuacha nepi na ameanza kuzuia, mrudishie nepi mwezi mmoja au miwili. Akitoa choo, msifu. Asipotoa, nyamaza. Kumgombeza au kumcheka mbele ya wenzake kunamrudisha nyuma ya kochi.

Yapo mambo ya kuacha kabisa. Kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa kinaunguza ngozi laini na kumwongezea mtoto hofu ileile unayopigana nayo. Vivyo hivyo kumpiga bomba nyumbani, na kidole chenye mafuta. Mafuta ya nyonyo na sanamaki hukamua tumbo kwa maumivu. Usimpe bila daktari. Asali isimguse mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Na kama mtoto anatumia dawa ya kuongeza damu na choo kimekuwa cheusi na kigumu, mweleze aliyeiandika, lakini usiikatishe mwenyewe.

Usisubiri lishe ifanye kazi kama tumbo limejaa na anatapika, hasa matapishi ya kijani. Wala usisubiri kama ana homa, anatoa damu nyingi kwenye choo, anapungua uzito au miguu inalegea. Mtoto ambaye tatizo lilianza tangu kuzaliwa, au choo chake cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48, anahitaji uchunguzi hata kama leo anacheza, kwa sababu wapo wanaozaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na mishipa ya fahamu, na tiba yao ni upasuaji. Kwa wengine, kama wiki mbili za chakula kizuri hazijabadilisha kitu, nenda kituo cha afya. Beba maelezo: maziwa kiasi gani kwa siku, choo mara ngapi, kikoje, analia au halii. Katika baadhi ya watoto protini ya maziwa ya ng'ombe yenyewe ndiyo chanzo, na daktari anaweza kushauri yaondolewe kwa wiki mbili hadi nne ili kuona tofauti, huku akikuelekeza cha kuyafidia.

Mtoto ambaye choo kimeziba njia mara nyingi ataandikiwa makrogoli au laktulosi, dawa zinazobakisha maji ndani ya choo. Wazazi huziogopa wakidhani utumbo utazizoea usiweze kazi bila dawa. Dawa za aina hii hazina tabia hiyo. Kosa linalorudisha watoto wengi hospitalini ni kuziacha siku ya nne, mara choo cha kwanza laini kinapoonekana. Matibabu huchukua angalau miezi miwili, na mtoto awe amekaa mwezi mzima bila dalili yoyote ndipo dozi ianze kupunguzwa, polepole, kwa maelekezo ya aliyeiandika.