Jambo la Mtoto Lisimalizwe Nyumbani



Watoto huanguka. Hupanda miembe, hukimbizana, huchunga ng'ombe. Kwa hiyo makovu ya magotini hayatushtui sisi wa zahanati. Hata baka la buluu matakoni mwa mtoto mchanga si lazima liwe pigo. Watoto wengi huzaliwa nalo, na hufifia lenyewe.

Lakini yapo majeraha yanayotufanya tuulize. Michubuko ya mgongoni, masikioni au mapajani. Alama za fimbo, mpya na za zamani pamoja. Miguu yote miwili iliyoungua kwa maji ya moto mpaka usawa mmoja, kama amevaa soksi. Mtoto anayelia akikojoa, au ambaye ghafla anamwogopa mtu aliyemzoea. Dalili moja si ushahidi kamili, lakini inatosha kutoa taarifa.

Wengine husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi wananyamaza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, haikubali hivyo. Mwananchi mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuitaarifu serikali ya mtaa au kijiji. Mwone mtendaji wa kijiji, au afisa ustawi wa jamii, au nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Unaweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo. Eleza ulichoona na siku uliyokiona. Upelelezi si kazi yako. Wala usimtangaze mtu kisimani.

Mtoto akikueleza mwenyewe, msikilize mpaka mwisho. Mwambie kwamba hana kosa. Usimhoji tena na tena, na usimwahidi kwamba utaficha.

Sasa nizungumzie mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, maana hapa ndipo tunapochelewa sana. Wazee wa pande mbili huitana. Wanakaa leo, wanaahirisha, wanakaa tena wiki ijayo, mpaka wakubaliane mbuzi au fedha. Wakati huo virusi vya UKIMWI havisubiri kikao. Dawa za kuzuia maambukizi zipo, lakini lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku 3. Kila saa unayowahi ni faida. Mtoto huzimeza kila siku kwa siku 28. Kwa msichana aliyekwisha balehe, ipo dawa ya kuzuia mimba, nayo itolewe kabla ya siku 5 kupita.

Basi mlete mtoto siku ile ile. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe katika karatasi au kitambaa safi, si mfuko wa nailoni. Polisi watatoa fomu namba PF3. Lakini mtoto anayetoka damu au aliyezimia aanze kwa mganga, fomu itafuata. Ikiwa zahanati yenu haina dawa hizo, mganga awaandikie barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali, nanyi mwondoke bila kulala.

Najua mama mwingine hunyamaza kwa sababu aliyemdhuru mtoto ndiye anayelisha nyumba. Hofu hiyo ni ya kweli, sitaidharau. Mama huyo amweleze afisa ustawi wa jamii waziwazi, ili mtoto atafutiwe ndugu wa kukaa naye kwa usalama wakati shauri linaendelea.