Neno "Run" na Dawa za Mama

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilijiona bingwa wa Kiingereza. Siku moja mama, mwenye ugonjwa wa presha, alirudi nyumbani na dawa, na ndani ya pakiti mlikuwa na karatasi ya Kiingereza. Baba akaniita niisome. Nikakuta maneno haya: "Do not let your tablets run out." Nikafasiri bila kusita: "Usiache vidonge vikimbie nje." Baba alishangaa kidogo, kisha akavifungia sandukuni, akawa anampa mama kimoja kila siku. Vilipokwisha, hakuna aliyekwenda kuchukua vingine. Haukupita muda mama akashikwa na kizunguzungu, akaanguka uani. Tulipompeleka zahanati ndipo nikaelezwa: karatasi ilisema usingoje dawa zikuishie. Mama alipata nafuu, lakini mimi sikuweza kumtazama baba usoni.

Tangu hapo nimelichunguza sana neno hili. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitenzi "run" peke yake, nasi wengi twaijua moja tu, kukimbia. Tazameni hapa hapa kwetu. "The railway runs through Mikese": reli imepita Mikese, wala reli hiyo ya zamani haijapiga hata hatua moja tangu ilipofika Morogoro mwaka 1907. "The Ngerengere runs into the Ruvu": mto Ngerengere unaingia katika Ruvu. Lakini "I ran into my teacher" si kwamba nilimwingia mwalimu. Nilikutana naye bila kutazamia. Na "the lorry ran over a goat", basi mbuzi huyo amekwisha kupondwa na magurudumu!

Siku hizi kwanza hutazama mtendaji: ana miguu, au ni mto, reli, pua? (Pua "ikikimbia", ni kamasi zinazotoka.) Kisha hutazama neno dogo linalofuata, kwani "out", "into" na "over" ndiyo yaligeuzayo. Hili la pili ndilo lililonishinda siku ile.

Wala tusiwacheke Waingereza. Sisi twapiga simu, twapiga pasi, twapiga deki, na hakuna aumiaye.

Zoezi kwa kidato cha kwanza. Fasirini: "My uncle runs a shop at Mikese, but he has run out of sugar."