Funza Yupi?

Bibi mmoja wa miteremko ya milima ya Uluguru alimtuma mjukuu wake kwenye duka la pembejeo. "Mjukuu wangu, niletee dawa ya funza," alisema.

Muuza duka alimpa dawa ya mahindi. Kumbe bibi alikuwa na funza miguuni! Mjukuu alipofika nyumbani, alisoma maandishi kwenye chupa.

"Bibi, usipake! Hii ni sumu ya shambani."

Muuza duka hakukosea. Bibi naye hakukosea. Neno moja lina maana nyingi.

Funza wa mahindi ni mtoto wa nondo. Hutoboa bua la mhindi, akala ndani. Akikua huwa nondo, akaruka.

Funza wa miguuni ni aina ya kiroboto. Jike huingia katika ngozi ya vidole au kisigino. Humo hunenepa na kujaa mayai. Mayai huanguka mavumbini, yakaanguliwa.

Funza huyu ni mgeni. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 aliletwa Angola kwa meli iliyotoka Brazil. Wasafiri wakamchukua miguuni mwao, njia kwa njia. Kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika Afrika Mashariki. Watu wakamwita funza, jina ambalo pia ni la buu. Jina lake jingine ni tekenya. Kumtekenya mtu ni kumgusagusa mpaka acheke. Mdudu huyu naye huanza kwa kuwasha kidogo tu. Baadaye hakuna kicheko.

Tena, kufunza ni kufundisha. Wazee husema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Basi, ukitaka dawa, taja ni funza yupi.

Tukumbuke:
1. Tusipake dawa ya shambani mwilini.
2. Tusichokoe funza kwa pini aliyoitumia mtu mwingine. Pini hiyo huweza kuambukiza magonjwa. Kidonda kichafu huweza kuleta pepopunda. Twende zahanati.
3. Tuvae viatu.
4. Tunyunyize maji kwenye sakafu ya udongo, kisha tufagie.

Maswali
1. Kwa nini bibi aliletewa dawa isiyofaa?
2. Funza wa miguuni alitoka wapi?
3. Taja neno jingine la Kiswahili lenye maana zaidi ya moja. Tunga sentensi kwa kila maana.
4. Jadilianeni: Katika kijiji chenu, funza huitwaje?