Somo: Mwandishi wa Vitabu Anapowatembelea Watoto Wetu Shuleni



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la starehe: kumwalika mtu anayeandika vitabu vya watoto aje darasani, akae na wanafunzi, asome nao na kuandika nao. Mzazi anayetafuta unga wa leo ana haki ya kuuliza, hadithi zitatusaidia nini? Swali hilo si la kudharauliwa, nasi tutajaribu kulijibu bila kulikimbia.

Tufikiri kwanza juu ya mtoto aliyehama. Mtoto huyu ameandikwa mara nyingi sana. Jina lake limo katika orodha ya chakula, katika kadi ya familia, katika kitabu cha kituo cha afya, pengine katika ripoti iliyotumwa mbali. Wageni wamemhesabu na kumpiga picha. Lakini ni mara ngapi yeye mwenyewe ameshika biki akaandika neno ambalo hakuna aliyemwamuru aliandike? Hata shuleni, kazi yake kubwa ni kunakili yaliyo ubaoni. Mwandishi anayekuja darasani anageuza mambo hayo. Anamwambia mtoto kwamba vitabu havianguki kutoka mbinguni. Vinaandikwa na watu wanaokula ugali, wanaokosea, wanaofuta na kuanza upya. Naye anaweza.

Desturi hii kwa wengine

Katika Uingereza na Ufaransa ziara za namna hii ni kazi ya kawaida ya waandishi wa watoto. Ufaransa waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto waliunda chama chao mwaka wa 1975, kiitwacho La Charte, na moja ya kazi zake ni kupanga masharti ya ziara hizo. Mambo mawili katika desturi yao yanatufaa sana. Wanataka watoto wawe wamesoma angalau kitabu kimoja cha mgeni kabla hajafika, maana bila hivyo watoto wanamtazama tu kama wanavyotazama gari jipya. Tena wanataka mwandishi alipwe, kwa sababu kusimama mbele ya watoto siku nzima ni kazi. Sisi hatuna fedha hizo, lakini nauli ya pikipiki na sahani ya chakula vinawezekana, na ni adabu.

Karibu nasi, Tanzania ilianzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka wa 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi huo uliwasaidia waandishi na wachapishaji kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili na kuvifikisha mashuleni. Tunautaja kwa sababu ya lugha. Watoto wetu wengi wanaamini kwamba kitabu lazima kiwe cha Kifaransa, na kwamba Kiswahili ni cha soko na redio. Sivyo. Katiba ya mwaka wa 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa letu, na sheria ya elimu ya mwaka wa 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Mtoto anayetafuta maneno ya Kifaransa kwa shida ataandika mistari miwili. Mpe Kiswahili, au lugha ya nyumbani kwao, ataomba karatasi nyingine.

Waandishi wawili wa kuwasimulia watoto

Judith Kerr alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1923. Baba yake alikuwa mwandishi aliyempinga Hitler, na mwaka wa 1933 familia ikakimbia: Uswisi, kisha Ufaransa, mwishowe Uingereza. Judith alikuwa na umri wa miaka tisa. Miaka mingi baadaye, mwanawe alitazama filamu moja juu ya familia inayokimbia milimani kwa nyimbo, akadhani kwamba utoto wa mama yake ulikuwa hivyo. Mama akaona afadhali aandike mwenyewe. Kitabu chake, When Hitler Stole Pink Rabbit, kilitoka mwaka wa 1971, na jina lake linatokana na kitu kidogo kabisa: sungura wa kitambaa, mchezo wa mtoto, aliyeachwa nyumbani siku ya kuondoka. Kerr alikufa mwaka wa 2019 akiwa na miaka 95.

Tazameni hesabu hiyo. Kati ya kukimbia na kuandika kitabu ilipita miaka 38. Hakuna aliyemkalisha akiwa na miaka tisa akamwambia, "Sasa tuandikie yaliyokupata." Wale wanaowaalika waandishi katika sehemu zetu wangefaa kuukumbuka muda huo.

Wa pili ni Benjamin Zephaniah, mshairi aliyezaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka wa 1958, akafa mwaka wa 2023. Aliacha shule akiwa na miaka 13, na alikuwa na ugumu wa kusoma ambao wataalamu huuita disleksia. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi anayependwa na watoto, wala hakuwaficha wanafunzi hali yake. Mwaka wa 2001 alitoa kitabu Refugee Boy, hadithi ya kijana aitwaye Alem, ambaye baba yake ni Mwethiopia na mama yake ni Mweritrea, wakati nchi hizo mbili zinapigana. Kwa Waethiopia Alem ni adui, kwa Waeritrea pia ni adui. Je, hatuna watoto wa namna hiyo katika madarasa yetu, ambao baba ni wa kabila hili na mama wa lile, na ambao kila vita vikianza hawajui waende upande gani? Mtoto kama huyo akisikia kwamba kuna kitabu kizima juu ya mtu wa hali yake, anajua kwamba hali yake si aibu ya kufichwa.

Kabla mgeni hajafika

Msingojee mtu mashuhuri kutoka Kinshasa. Anayeandika michezo ya redio, mwalimu aliyetunga mashairi ya shule, mtunga nyimbo wa kwaya, wote wanaweza kuja. Hata mzee anayejua hadisi za zamani anafaa, ikiwa pembeni yake atakaa mtu wa kuziandika.

Vitabu vikikosekana, mpango wa African Storybook, ulioanza kuonekana mwaka wa 2014, una hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, ambazo mtu anaruhusiwa kuzichukua bure na kuzichapa. Simu moja yenye mtandao inatosha. Mwalimu anaweza kunakili hadithi moja kwenye karatasi kubwa na kuisoma na darasa wiki nzima. Kisha watoto watayarishe maswali yao wenyewe. Wakubwa wasiyasahihishe! Mtoto akitaka kumwuliza mgeni kama mke wake anasoma vitabu vyake, amwulize.

Siku yenyewe

Hapa tuseme wazi, kwa heshima, neno kwa viongozi wetu. Ziara nyingi huharibika kabla ya saa nne, kwa hotuba. Mkuu wa shule anasema, mwakilishi wa wazazi anasema, chifu anasema, shirika linasema, na mwandishi anabaki na nusu saa, watoto wamechoka kwa jua. Kiongozi anayependa watoto atasalimu kwa dakika mbili, kisha akae kwenye benchi pamoja nao, na ikiwezekana naye aandike.

Mwandishi aje na karatasi zake chafu, zile alizokatakata mistari. Kwa mtoto aliyezoea kuchapwa kwa ajili ya kosa la tahajia, kuona mtu mzima amefuta ukurasa mzima wala hakuona haya ni somo kubwa kuliko maelezo yoyote. Baada ya kusoma na kuulizana, watoto waandike. Zoezi zuri ni la kitu kimoja: chagua kitu kimoja unachokijua vizuri, sufuria, mpira wa majani ya migomba, mbuzi, mlango, uandike kinavyonukia, kinavyolia, nani alikishika. Kitu hicho kiwe cha zamani au cha leo, cha nyumbani mlikotoka au cha hapa mlipo. Mtoto achague mwenyewe. Wasiojua kuandika wasimulie, na mwenzao aandike maneno yao kama yalivyo.

Mtoto ni mwandishi, si shahidi

Hili ndilo jambo tunalotaka viongozi walishike kuliko mengine. Wako wageni, wengine wenye nia njema kabisa, wanaofika na kuwaambia watoto waandike juu ya usiku wa kukimbia. Mtoto anatii, maana amezoea kuwatii wageni. Jioni mgeni anaondoka na makaratasi, na mtoto anabaki na ndoto mbaya bila mtu wa kuketi naye. Kusema maumivu kunaweza kuponya, lakini kwa wakati wa mtoto mwenyewe na mbele ya mtu atakayekuwepo kesho. Mwandishi ataondoka. Kwa hiyo asiombe hadithi za vita. Mtoto akiiandika bila kuombwa, isomwe kwa upole, isisomwe kwa sauti mbele ya wote, na mwalimu au mama anayemwamini ajulishwe.

Kuna na hatari nyingine. Katika darasa moja wanakaa watoto ambao familia zao zinaogopana. Mmoja akiandika kwamba watu wa kabila fulani walichoma nyumba yao, na mwenzake wa kabila hilo yuko benchi la nyuma, tutafanya nini? Wengine wangeifuta sentensi kwa wino mwekundu. Sisi tunaona hilo ni kosa, maana mtoto atajifunza tu kwamba yaliyompata hayaruhusiwi kusemwa. Lakini kuisoma mbele ya wote ni kumhukumu yule wa nyuma kwa jambo asilolitenda. Mwandishi mwenye busara atakaa na mtoto pembeni, amwulize maswali ya mwandishi: walikuwa wangapi? Ulimwona nani kwa macho yako? Nani aliwapa maji njiani? Hamlazimishi kusamehe, wala hamwambii aandike maneno matamu. Anamsaidia kuandika alichokiona badala ya alichokisikia, na mara nyingi hapo neno "wao wote" linapungua lenyewe.

Pamoja na hayo, jina kamili la mtoto, kijiji chake na picha yake visitoke nje bila idhini ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Mgeni asiachwe peke yake na watoto, hata akiwa mtu wa dini au wa shirika kubwa. Na hadithi ni mali ya aliyeiandika: mgeni akitaka kuichukua, achukue nakala, ya kwanza ibaki kwa mtoto.

Baada ya mgeni kuondoka

Ziara ya siku moja bila mwendelezo ni kama mvua moja ya kiangazi. Mwalimu mmoja na mzazi mmoja wakubali kukaa na watoto mara moja kwa wiki, saa moja tu. Hadithi zikikusanyika zishonwe kwa uzi, zipewe ganda la karatasi ngumu ya katoni, ziwe kitabu cha darasa ambacho wadogo watakisoma mwaka unaofuata.

Halafu kuna swali la kuhama tena. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 kambi zilizokuwa pembeni ya Goma, kama Kanyaruchinya na Bulengo, zilivunjwa na familia zikatawanyika. Wakati kama huo hakuna anayefikiria daftari la mtoto. Ndiyo maana tunashauri liwekwe tangu mapema katika mfuko wa plastiki, mahali pale pale panapowekwa kadi ya familia na cheti cha kuzaliwa. Na penye simu, mkubwa apige picha kila ukurasa. Uzito wake si kitu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Katika jamii yetu, nani anaandika au anasimulia vizuri na hajawahi kualikwa shuleni? Watoto wetu waandike kwa lugha gani, na je, wazazi wote wanakubaliana? Mgeni akifika kesho akaomba hadithi za watoto za vita, nani kati yetu atamjibu, na atamwambia nini?