Shata au blaindi za mbao?

Eneo la Gesima, Kenya, ni la majani chai na mvua nyingi, kwa hiyo fikiria unyevu kwanza, urembo baadaye.

1. Dirisha lisilo na kioo liwekee shata. Blaindi haizuii mvua wala mwizi.
2. Dirisha la chuma linalofunguka nje hugongana na shata. Weka blaindi ndani.
3. Kataa mbao mbichi, hasa za mkaratusi: zikikauka hupinda, na shata haifungi tena.
4. Paka rangi ya mafuta pande zote, hata ukingo wa chini, ambao mafundi wengi huusahau.
5. Pima upana juu, katikati na chini. Blaindi ya ndani ya fremu ifuate kipimo kidogo.
6. Jiko la kuni? Masizi yataimaliza blaindi.
7. Funga kamba ya blaindi juu; inaweza kumnyonga mtoto.