Usimuulize, Mlinde

Mdogo wangu wa Butihinda, umeniuliza swali zito na nashukuru umeniamini nalo. Una ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale Kobero. Mmoja wa vijana wako, mchapakazi kwa maneno yako mwenyewe, ameanza kusemwa kwamba anapenda wanaume wenzake. Wenzake wanataka aondoke. Wewe hutaki, ila hujui utamlindaje bila kumtia matatani.

Kwanza kabisa, usimwite ukamuuliza. Najua nia yako ni njema, na umesikia kwamba kuna makampuni ambako watu hujitambulisha bila hofu. Kwetu Burundi sheria iko wazi. Kifungu cha 590 cha kanuni ya adhabu ya 2017, kama kile cha 567 cha mwaka 2009, kinasema anayefanya ngono na mtu wa jinsia yake atafungwa miezi mitatu hadi miaka miwili, au atozwe faini ya faranga 50,000 hadi 100,000, au vyote viwili. Desemba 2023 tulimsikia Rais Ndayishimiye akisema watu hawa wapigwe mawe uwanjani. Katika hali hiyo, swali lako hata ukiliuliza kwa upole linamweka kijana pabaya: aseme uongo mbele ya bosi wake, au akukabidhi siri inayoweza kumfunga. Na usichokijua huwezi kukisema hata ukibanwa.

Wakumbuke wale watu 24 wa Gitega. Walikamatwa tarehe 23 Februari 2023 wakiwa kwenye semina ya MUCO Burundi, shirika linaloshughulikia UKIMWI, wakashtakiwa kwa mapenzi ya jinsia moja. Walikuwa wamekaa kwenye semina tu! Siku iliyofuata, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kuwazuia watu kusajili shirika lao kwa sababu ya mapenzi yao ni ubaguzi. Kwa hiyo akija mtu na ushauri wa Nairobi, kwamba uwe na fomu, orodha ya majina na picha ya pamoja ukutani, mshukuru, halafu usifanye hata kimoja. Karatasi kama hizo huku zinageuka ushahidi.

Kazi yako iko kwa wale wanaosema. Waite wote, yeye akiwemo, bila kumtaja mtu, uwaambie kwamba ofisini kwako hakuna kujadili chumba cha mtu, kabila lake, dini yake wala afya yake. Sisi Warundi tumeshazika wengi kwa sababu ya maneno ya "yule ni wa upande gani", na sioni kwa nini tuyafungulie mlango mwingine. Atakayerudia umkanye kwa maandishi, na barua hiyo iseme kosa ni kumsumbua mwenzake, basi. Usieleze alimsema nini.

Wakianza kunong'ona kwamba ana virusi, hapo una katiba mkononi: kifungu cha 22 kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ana virusi vya UKIMWI. Wasomee.

Kuna jambo dogo ambalo wenye ofisi wengi hulisahau, nalo ni majina. Audrey Mbugua wa Kenya alihangaika kutafuta kazi kwa sababu yeye ni mwanamke na vyeti vyake vilikuwa na jina la kiume. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Sisi hatuna hukumu ya namna hiyo, lakini nani anakulazimisha kusoma kitambulisho cha mtu kwa sauti mbele ya madereva? Muulize mkiwa wawili angependa aitweje, umwite hivyo, na nakala ya kitambulisho uifungie kabatini.

Mteja akisema hataki kuhudumiwa na kijana huyo, mjibu kwamba huyo ndiye anayeijua vizuri mizigo yake, na umwachie uamuzi. Unaweza kumpoteza mteja mmoja au wawili, sitakuficha. Na kwa usalama wa kijana, usimpangie zamu za usiku akiwa peke yake kwa sasa, na arudipo nyumbani jioni hakikisha kuna mtu unayemwamini anayepita njia hiyohiyo.