Mwanga wa Kukagulia na Kuonyeshea Picha: Mfano wa Majengo, Meru na Embu

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno "mwanga" lina maana mbili: nuru, na pia mchawi wa usiku. Kwa picha iliyochapishwa, maana zote mbili zina ukweli, kwani nuru inayoidhihirisha ndiyo inayoila. Makala haya yanafafanua namna ya kuchagua mwanga wa kukagulia picha na ule wa kuonyeshea, kwa kurejelea mitaa ya Majengo mjini Meru na Embu. Suala hili lina uzito, kwa sababu zipo familia zenye picha moja tu ya marehemu nyanya au babu. Ikififia, hakuna nyingine.

Mwanga wa kukagulia

Kiwango cha kimataifa ISO 3664 cha mwaka 2009 hutumia mwanga wa takriban kelvini 5000, unaokaribia ule wa mchana. Ulinganishaji wa makini huhitaji laksi 2000, na tathmini ya kawaida laksi 500. Balbu ya zamani ya waya huwa na kelvini 2700 hivi, kwa hivyo hutia picha umanjano. Taa ifaayo ni ile ambayo kipimo chake cha uaminifu wa rangi hakipungui 90 kwa 100.

Vitabu vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua haliingii moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ushauri huo haufai kuchukuliwa ulivyo. Meru iko kaskazini kidogo tu mwa ikweta, na Embu kusini kidogo. Mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini. Desemba huwa kusini. Mkaguzi wa Majengo basi hana budi kubadilisha dirisha kwa majira, au kukaa kwenye kivuli cha baraza, mbali na ukuta wenye rangi kali. Ukuta wa kijani hutia picha ukijani.

Mwanga wa kuonyeshea

Majumba ya makumbusho huonyesha picha za rangi kwa takriban laksi 50, maana madhara ya mwanga hujumlika: laksi 50 kwa saa kumi ni sawa na laksi 500 kwa saa moja. Jua kali la adhuhuri hufikia laksi 100,000 hivi. Kwa hesabu hiyo, saa moja juani hulingana na saa 2000 za makumbusho, yaani siku 200 za saa kumi kila siku. Kioo cha kawaida cha fremu hakiizuii hatari hiyo.

Hapa ndipo mgongano unapozuka. Picha iliyokaguliwa kwenye mwanga mkali huonekana ng'avu, na mchapishaji huifanya iwe nzito zaidi. Ikitundikwa sebuleni, uso humezwa na giza. Kwa hivyo rangi zikaguliwe kwenye mwanga wa mchana, lakini uamuzi wa mwisho kuhusu weusi na weupe ufanywe kwenye ukuta itakapokaa picha.

Hitimisho

Mwanga wa kukagulia na wa kuonyeshea si kitu kimoja. Kwa picha ya pekee ya marehemu, njia salama ni kutoa nakala, nakala itundikwe sebuleni, na picha ya asili ihifadhiwe gizani, mahali pakavu. Nakala ikififia, nyingine itachapishwa.